Shule ya Profesa Xavier: ni shule au kambi ya jeshi?



Leo naomba tuongee habari za katuni. Najua kuna wenzangu wa Ualimu watakaosema huyu naye, mitihani iko mlangoni yeye analeta mambo ya watoto. Subirini kidogo. Nataka kuelezea historia ya shule moja ambayo haipo duniani, lakini imekaa vichwani mwa watu kwa zaidi ya miaka 60, na kwa maoni yangu inauliza maswali ya kazi yetu kuliko baadhi ya madesa tunayogombania kutoa kopi.

Wengi wetu tunawajua X-Men kupitia ile filamu iliyotoka mwaka 2000 na zilizofuata. Ukimuuliza mshikaji X-Men ni nini, atakwambia ni yule jamaa mwenye makucha. Sawa. Lakini hadithi hii haikuanza na makucha, ilianza na darasa: mwalimu mmoja kwenye kiti cha magurudumu na wanafunzi watano. Swali langu la leo ni hili: ile ilikuwa shule kweli, au ilikuwa kambi ya jeshi iliyobandikwa kibao cha shule? Ukifuatilia historia yake unaona kila kizazi cha waandishi kimejibu kivyake, na kila jibu linatuambia kitu.

Twende mwanzo. Toleo la kwanza la X-Men lilichapishwa na kampuni ya Marvel huko New York likiwa na tarehe ya Septemba 1963. Waliolitengeneza ni Stan Lee na Jack Kirby. Stan Lee alikuwa na tatizo la kikazi tu: alikuwa ameshabuni mashujaa wengi, huyu kapigwa na miale, yule kaumwa na buibui, akachoka kutafuta sababu za kila mmoja kupata nguvu. Akaamua hawa wapya wawe wamezaliwa hivyo hivyo. Akawaita mutanti, yaani watu waliozaliwa na mabadiliko katika vinasaba vyao, ambayo kwa wengi hujitokeza wakifika umri wa kubalehe. Alitaka hata jarida lenyewe liitwe hivyo, The Mutants, lakini bosi wake Martin Goodman alikataa akisema wasomaji hawatajua neno hilo maana yake nini. Ndipo likapatikana jina la X-Men.

Angalieni jambo lilivyo. Uvivu kidogo wa mwandishi ukazaa wazo kubwa. Shujaa aliyepata ajali unaweza kumhurumia, na aliyevumbua mashine unaweza kumsifu. Mtoto aliyezaliwa tofauti, halafu tofauti hiyo ikajitokeza akiwa kidato cha pili mbele ya wenzake, huyo unamfanyaje? Wazo la kumpeleka shule lilikuja lenyewe.

Shule yenyewe iliwekwa Westchester, nje kidogo ya jiji la New York, eneo la watu wenye nazo. Jumba kubwa la urithi la Profesa Charles Xavier, kibaoni imeandikwa ni shule ya vijana wenye vipaji. Wanafunzi wa mwanzo ni Scott Summers (Cyclops), Jean Grey (Marvel Girl), Hank McCoy (Beast), Warren Worthington (Angel) na Bobby Drake (Iceman), ambaye ndiye mdogo wao. Sasa ukikagua kwa macho ya mtu anayesomea ualimu, utashika kichwa. Walimu: mmoja. Mtaala: haueleweki. Chumba kinachoonekana sana ni kile cha mazoezi, ambako kuta zinarusha vyuma na moto, nao wanatakiwa kukwepa. Katika toleo la 3 la mwaka 1964 Profesa anawaza moyoni kwamba anampenda Jean, mwanafunzi wake! Jamani, maadili ya kazi yako wapi? Waandishi wenyewe hawakuliendeleza jambo lile. Toleo la 7, mwaka huo huo wa 1964, wanafunzi wanahitimu. Na baada ya kuhitimu wanaendelea kukaa pale pale na kupigana vilevile. Kwa hiyo kwa miaka ile ya mwanzo jibu langu ni fupi: kambi.

Hapa kuna jambo linarudiwa sana ambalo inabidi tuliweke sawa. Utasikia watu wanasema Profesa Xavier ni Martin Luther King na adui yake Magneto ni Malcolm X, na kwamba Lee na Kirby walipanga hivyo tangu mwanzo. Ni kweli mwaka wenyewe ulikuwa moto. Juni 1963 gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni mwa chuo kikuu cha jimbo hilo ili wanafunzi wawili weusi wasiingie kujiandikisha. Tarehe 28 Agosti ndiyo yale maandamano makubwa ya Washington. Tarehe 15 Septemba wasichana wanne weusi wakauawa kwa bomu kanisani Birmingham. Mlango wa shule ulikuwa ndio uwanja wa vita wa Marekani, tangu hukumu ya mahakama kuu ya mwaka 1954 na wale wanafunzi tisa wa Little Rock mwaka 1957.

Lakini sasa fungua toleo la 1 lenyewe. Wanafunzi watano, wote weupe. Magneto anavamia kituo cha makombora cha jeshi, anacheka kama maadui wengine wote wa katuni za wakati ule, na hana hoja yoyote ya kisiasa ya maana. Kumfananisha na Malcolm X ni kumdhulumu Malcolm. Mwanahistoria anatakiwa asome alichokikuta kwenye ukurasa, si alichokisikia miaka 40 baadaye. Mimi naona fumbo la ubaguzi lilikuwepo kama mbegu tu, halafu likakua polepole.

Mbegu yenyewe inaonekana kwenye toleo la 8, pale umati unapomgeukia Hank baada ya kumwokoa mtoto, naye anakata tamaa na kuondoka shule. Inaonekana zaidi mwaka 1965, toleo la 14, ambapo msomi mmoja, Bolivar Trask, anatangaza magazetini kwamba mutanti watawatawala binadamu, kisha anatengeneza maroboti makubwa ya kuwasaka, yanayoitwa Sentinels. Xavier anakwenda kwenye televisheni kujadiliana naye kwa hoja. Mwisho maroboti yanamgeuka aliyeyatengeneza. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza adui mkubwa wa ile shule anakuwa hofu ya watu wa kawaida, yenye mtaalamu wake na vifaa vyake. Na tukumbuke watengenezaji wenyewe: Stan Lee alizaliwa akiitwa Stanley Lieber, Jack Kirby alizaliwa akiitwa Jacob Kurtzberg, wote watoto wa wahamiaji Wayahudi. Watu waliofanya kazi kwa majina yasiyo ya kuzaliwa walijua kidogo maana ya kujificha.

Pamoja na hayo jarida halikuuza. Mwaka 1970, baada ya toleo la 66, Marvel iliacha kuandika hadithi mpya, ikawa inarudia za zamani. Shule ikafa kifo cha kimya kimya.

Ilifufuka mwaka 1975 kwa toleo maalumu la Giant-Size X-Men, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Profesa anazunguka dunia kutafuta watu: Mjerumani, Mrusi wa Kisovyeti, Mkanada (ndiye yule wa makucha), Mwailandi, Mjapani, Mmarekani wa asili wa kabila la Apache. Na anafika jirani zetu Kenya, anamkuta Ororo, ambaye baadaye wataita Storm.

Hapa lazima tusimame. Ororo anachorwa porini, wanavijiji wanamwabudu kama mungu wa mvua. Hiyo ni 1975, Kenya ina miaka 12 ya uhuru, Chuo Kikuu cha Nairobi kipo, na mtu wa New York akifikiria Kenya anaona ngoma na majani. Chris Claremont, aliyechukua kalamu baada ya Wein, alijaribu kumpa historia katika toleo la 102 la mwaka 1976: mama yake Mkenya, baba yake mpiga picha Mmarekani mweusi, wazazi wakafa Cairo wakati wa vita vya Suez vya 1956, mtoto akabaki mitaani akiiba, kisha akatembea kwa miguu mpaka Kenya. Angalau akawa mtu mwenye safari yake. Halafu kuna kitu ambacho msomaji wa Kiingereza hawezi kukisikia. Kwenye lugha yetu "-ororo" ni sifa: ngozi nyororo, mkate mwororo. Yaani mwanamama anayepiga radi jina lake linanong'ona ulaini. Babu kubwa!

Ila kuna tatizo la kishule. Hawa wapya walikuwa watu wazima. Jumba likawa bweni la wapiganaji, kibao kikabaki kile kile. Claremont alilijua hilo. Mwanzoni mwa 1980, toleo la 129, akamleta Kitty Pryde, binti wa miaka 13 na nusu anayeweza kupita ukutani. Ghafla kuna mtoto ndani ya nyumba. Kuna anayetakiwa kufanya mazoezi ya shule, anayemkumbuka mama yake, anayependa mtu aliyemzidi umri. Watu wazima wote pale ndani wakalazimika kujiuliza wao ni nani kwake.

Kisha mwaka 1982 Claremont na mchoraji Bob McLeod wakatoa kitabu cha The New Mutants, na 1983 likaanza jarida la kila mwezi kwa jina hilo. Wadau, kama mnataka kusoma kitu kimoja tu katika haya yote, someni hili. Wanafunzi ni watano tena, lakini tazama darasa lilivyobadilika: Sam Guthrie, mtoto wa mchimba makaa wa Kentucky, ambaye baba yake kafa naye akaacha shule akaingia mgodini. Xi'an Coy Manh, mkimbizi wa Vietnam anayelea wadogo zake wawili. Danielle Moonstar, Mcheyenne. Roberto da Costa, kijana tajiri wa Brazil mwenye baba mweusi, anayetukanwa rangi yake uwanjani akicheza mpira. Rahne Sinclair, binti wa Uskoti aliyelelewa na mchungaji mkali mpaka anajiogopa mwenyewe, maana nguvu yake ni kugeuka mbwa mwitu.

Jambo kubwa ni kwamba wanaambiwa wazi: ninyi si X-Men. Mko hapa kujifunza kutawala nguvu zenu zisiwadhuru ninyi wala wenzenu. Vita waachieni wakubwa. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka 20 mtu anatamka kwamba kazi ya shule si kutengeneza askari. Bila shaka kila mwezi wanaingia kwenye vita, la sivyo jarida lisingenunuliwa. Lakini kila wakiingia inahesabika kama kosa la watu wazima, si kama ushindi. Mwaka 1984 mchoraji Bill Sienkiewicz alipoanza kazi na hadithi ya dubu mkubwa anayemwandama Danielle, michoro ikaacha kuwa safi, ikawa ya wino uliomwagika na vivuli. Msomaji anauona woga wa mtoto jinsi mtoto anavyouona.

Halafu likaja jaribio gumu kuliko yote. Mwaka 1981, toleo la 150, Claremont alishaonyesha kwamba Magneto ni mtu aliyepona kambi ya Auschwitz akiwa mtoto. Hapo ndipo alipopata hoja, na si mwaka 1963. Mwaka 1985, toleo la 200, Xavier anaumwa sana, anamwachia shule nani? Magneto. Adui wa jana anakuwa mkuu wa shule. Watoto hawamwamini, naye hajui kufundisha. Anajua kulinda tu, na kulinda kwake ni kuogopa. Nani kati yetu hajawahi kusoma chini ya mwalimu wa namna hiyo, anayekupenda kwa ukali kwa sababu yeye mwenyewe aliumizwa?

Sasa nifike kwenye toleo lililonifanya niandike yote haya: New Mutants la 45, mwaka 1986. Ndani yake karibu hakuna ngumi. Vijana wa Xavier wanakwenda kwenye dansi ya shule ya jirani. Wanakutana na kijana mgeni anaitwa Larry Bodine. Larry anataka marafiki, basi anatania, na utani wake ni wa kuwadhihaki mutanti, kwa kuwa ndio utani unaochekesha watu pale. Vijana wa Xavier wanamwona mshenzi, wanamkwepa. Wasichojua ni kwamba Larry mwenyewe ni mutanti. Nguvu yake ni kutengeneza sanamu za mwanga, vitu vizuri tu, visivyomdhuru mtu. Wanafunzi wenzake, kwa mzaha, wanamtishia kwamba watamripoti kwa wasaka mutanti. Wao hawajui chochote, wanatania mgeni. Larry anaamini siri yake imevuja. Usiku ule anajitoa uhai.

Mwishoni Kitty anasimama mbele ya shule nzima kumzungumzia. Anazungumza juu ya majina tunayopeana, na kwamba yeye mwenyewe kama Myahudi ameshayabeba. Hakuna adui wa kupigwa. Waliofanya hivyo ni watoto wa kawaida ambao kesho wataingia darasani kama jana.

Nimelifikiria sana toleo hili kwa sababu moja: umbali. Kutoka kwa Larry hadi kwenye shule iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya watoto kama yeye ni mwendo wa gari mfupi tu. Shule ile ilijificha vizuri kiasi kwamba mtoto aliyeihitaji hakuweza kuiona. Ukuta uliowalinda walio ndani ndio uliomwacha yeye nje. Na wale vijana wa ndani, wenye akili na mafunzo yote, walimpima kwa maneno yake bila kujiuliza kwa nini anayasema. Sisi tunaokwenda kusimama mbele ya darasa la watu 80 tunajua mtoto anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote si lazima awe na furaha. Tunajua kinadharia. Tukifika kule tutamwona?

Baada ya hapo mambo yakaharibika taratibu. Mwanzoni mwa 1988, toleo la 60, ambalo wakati huo mwandishi ni Louise Simonson, anakufa Doug Ramsey. Nguvu ya Doug ilikuwa kuelewa lugha yoyote, basi. Hakuwa na ngao wala moto. Alijiweka mbele ya risasi iliyokuwa inakwenda kwa Rahne. Mwanafunzi wa lugha kafa vitani, na hakuna mkuu wa shule anayeweza kueleza alikuwa anafanya nini kule. Mwaka 1990 akaingia Cable, mzee wa bunduki, na kalamu ya mchoraji Rob Liefeld. Watoto wakapewa silaha na misuli. Jarida likafungwa toleo la 100 mwaka 1991, na waliobaki wakageuzwa kikosi, X-Force. Soko lilipenda: mwaka huo huo toleo jipya la 1 la X-Men liliuza nakala zaidi ya milioni 8 na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Claremont, baada ya miaka 16, akaondoka. Kambi ilishinda kwa hesabu za duka.

Lakini lile wazo halikufa. Mwaka 1994 lilikuja Generation X, darasa lingine, jimbo la Massachusetts. Mwaka 2001 Grant Morrison alifanya kile ambacho Larry alikihitaji: alifungua geti. Dunia nzima ikajua shule iko wapi, wanafunzi wakafurika, wengine wana midomo ya ndege, wengine hawana sura ya kupendeza wala nguvu ya kupigana. Na kama ilivyo shule yoyote iliyojaa, mwaka 2003 ikapata mgomo, ukiongozwa na Quentin Quire, mwanafunzi mwenye akili kuliko wote aliyeona ahadi za Profesa ni maneno matupu. Mwaka 2006, ndani ya New X-Men, waandishi Craig Kyle na Chris Yost wakaandika basi la wanafunzi waliopoteza nguvu, wanarudishwa makwao, likalipuliwa na watu wenye chuki. Kufungua geti nako kuna gharama yake, tusidanganyane.

Kwa hiyo jibu langu ni nini? Naona historia nzima ya jarida hili ni mvutano wa mambo mawili ambayo shule yoyote inavutana nayo: kumwandaa mtoto kwa ajili ya dunia ilivyo mbaya, na kumpa mahali ambapo kwa miaka michache dunia hiyo haimfikii. Ukichagua la kwanza peke yake unapata X-Force, watoto wenye bunduki. Ukichagua la pili peke yake unapata jumba zuri lenye ukuta mrefu, na Larry nje. Waandishi waliofanya vizuri ni wale waliokataa kuchagua, wakakubali kila toleo liwe na maumivu kidogo.

Na Profesa Xavier? Ana kipaji cha kusoma mawazo ya mtu yeyote duniani, na bado wanafunzi wake wanamshangaza kila mwezi. Sisi hatuna kipaji hicho. Tuna daftari la mahudhurio na macho mawili. Tuyatumie.

Mwenye nondo za kuongeza aongeze, anayepinga apinge kwa hoja. Naomba kuwasilisha.